Safari ya kufuata eli: vipimo vya vitambaa kutoka London hadi Dornoch

Maelezo haya yamepangwa baada ya kurudi nyumbani, kutoka kwenye daftari na picha za simu. Safari nzima ilifuata kitu kimoja: eli, kipimo cha kale cha vitambaa ambacho Waingereza walikiandika ell. Hakuna duka leo linalouza kitambaa kwa eli. Hata hivyo vipimo vyenyewe, vya chuma na vya mawe, bado vipo kwenye viwanja vilevile walikosimama wauzaji na wanunuzi, na vingi viko nje kabisa, havina kiingilio. Kwa fundi cherehani, muuza vitenge, au mtu yeyote aliyewahi kubishania yadi dukani, nauli yake haipotei.

Vya kubeba: futikamba ya chuma yenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Ile ya fundi, ya kitambaa, hunyumbuka ikizeeka, na katika safari hii tofauti ya inchi moja ndiyo habari yenyewe. Ongeza koti la mvua, brashi laini ya kuondoa majani kwenye mawe, na tochi ndogo. Ukimulika kutoka ubavuni, alama zilizofutika huonekana.

Jumatatu. London

Mahali pa kuanzia ni British Library, hatua chache kutoka vituo vya St Pancras na King's Cross. Chumba cha hazina ni bure. Humo huhifadhiwa Magna Carta ya 1215, hati ya kale ya sheria za Uingereza, na wengi huja kusoma habari za haki na mahakama. Msomaji wa vitambaa aende moja kwa moja kwenye sura ya 35. Inaagiza kwamba vitambaa vilivyotiwa rangi viwe na upana mmoja katika ufalme wote: *due ulne infra listas*, yaani eli mbili ndani ya kingo. Maneno hayo ya mwisho yaliandikwa na mtu aliyejua biashara. Ukingo uliofumwa pembeni hauhesabiwi, kwa kuwa fundi hawezi kuushona. Mfumaji akipanua ukingo na kupunguza kitambaa, upana wa jumla unabaki sawa na mnunuzi anapunjwa.

*Ulna* ni Kilatini, na daktari yeyote analijua neno hilo: ni mfupa mmojawapo wa kigasha, ule unaoishia kwenye ncha ya kiwiko. Kiingereza cha kale kilikuwa na neno la ukoo huohuo, *eln*, lenye maana ya kigasha na pia kipimo chake. Kiwiko kiliitwa *elnboga*, mahali *eln* inapojikunja, na ndicho Waingereza wa leo wanachokiita elbow. Wafaransa walichukua neno la jamii hiyo kutoka kwa Wafranki wakapata *aune*. Wadenmaki wanasema *alen*, Wajerumani *Elle*. Wote wanataja mkono.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufafanuliwa sana hapa. Katika Mathayo 6:27, pale Yesu anapouliza nani kwa kujisumbua anaweza kujiongezea kimo, Biblia yetu ya Union inasema "hata mkono mmoja". Injili ya Kiingereza cha kale, iliyotafsiriwa kabla ya Wanormani kuvamia Uingereza, inasema *ane elne*. Ni kipimo kilekile: kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, karibu inchi 18. Ndiyo dhiraa ya pwani yetu.

Sasa swali lililotutoa nyumbani: kama *eln* ni kigasha cha inchi 18, imekuwaje eli ya Kiingereza ikawa na inchi 45? Hakuna binadamu mwenye kigasha cha zaidi ya mita moja.

Jibu linaanza na wafalme. Mwandishi wa historia William wa Malmesbury, aliyeishi wakati wa Henry I, anasema mfalme huyo alisahihisha eli ya uongo ya wafanyabiashara kwa urefu wa mkono wake mwenyewe. Mkono mzima, basi, si kigasha. Mwaka 1197, chini ya Richard I, ikatolewa amri ya kuwa na eli moja nchini kote, na eli hiyo iwe ya chuma. Kuanzia hapo jina lilibaki la mkono, urefu ukawa wa fimbo. Katika maandishi ya sheria ya karne ya 13 na ya 14, *ulna* ni futi 3 kamili: punje 3 za shayiri kavu zafanya inchi, inchi 12 zafanya futi, futi 3 zafanya *ulna*. Hiyo ni yadi tunayoijua. Jina yadi nalo limetokana na *gyrd*, fimbo. Basi kwa muda mrefu mkono na fimbo yalikuwa majina mawili ya urefu mmoja, hadi yalipoachana: yadi ikashika inchi 36, eli ya Kiingereza ikapanda hadi 45.

Njia rahisi ya kushika hesabu hii ni kuacha inchi na kuhesabu shubiri. Wauza vitambaa wa Uingereza waligawa yadi kwa robo, na robo moja ni inchi 9, yaani shubiri ya mtu mzima. Kwa hesabu hiyo dhiraa ni shubiri 2, eli ya Flanders (eneo la Ubelgiji ya leo) ni 3 (inchi 27), yadi ni 4, eli ya Kiingereza ni 5 (inchi 45), na eli ya Kifaransa, kama walivyoihesabu Waingereza, ni 6 (inchi 54). Robo iligawanywa tena mara nne ikapatikana "msumari", inchi 2 na robo, ambao ulifaa kwa utepe na vipande vidogo. Iandike hesabu hii kwenye daftari kabla ya kuondoka London.

Kutoka British Library tulichukua basi hadi Smithfield. Basi la London lilikuwa pauni 1.75 mwaka 2025, na ndani ya saa moja unaweza kubadili mabasi bila kulipa tena. Kando ya kanisa la St Bartholomew the Great kuna kichochoro kiitwacho Cloth Fair. Hapo ndipo lilipofanyika soko kubwa la vitambaa la Bartholomew, lililoanza 1133 na kufungwa 1855. Chama cha mafundi nguo cha Merchant Taylors kilikuwa kikituma watu wake sokoni na fimbo ya yadi ya madini ya fedha kukagua fimbo za wauzaji, na yadi hiyo bado iko mikononi mwa chama. Kichochoro chenyewe ni kifupi, dakika tano kinakwisha. Bei za chakula mitaa hiyo ni za watu wa benki; nunua sandwichi sokoni au dukani.

Mchana Greenwich. Panda kilima hadi lango la Royal Observatory, kituo cha kale cha kuchunguza nyota, lakini usilipe kiingilio kwa ajili ya jambo hili: vipimo viko nje, ukutani, karibu na saa kubwa ya saa 24. Kuna yadi, futi 2, futi 1, inchi 6 na inchi 3, kila kimoja kati ya vijiti viwili vya chuma. Tuliweka futikamba. Namna ya kupima ni kusoma kutoka uso wa ndani wa kijiti hadi uso wa ndani wa kijiti cha pili, kwa sababu fimbo ya mfanyabiashara iliingizwa katikati: ikilegea ni fupi, isipoingia ni ndefu. Ukipima kutoka katikati ya vijiti utapata jibu la uongo. Eli haimo kwenye ukuta ule. Ilikuwa imeshatoka sheriani.

Fimbo rasmi za mwisho za eli zilitengenezwa kwa amri ya Elizabeth I mwaka 1588, za shaba nyeusi, moja ya yadi na moja ya eli. Ziliendelea kutumika hadi 1824. Mwanaastronomia Francis Baily alipoichunguza ile ya yadi katika miaka ya 1830 alishangaa: ilikuwa imevunjika na kuungwa, na akaifananisha na chuma cha kuchokorea moto jikoni. Nchi iliyouza vitambaa dunia nzima ilikuwa ikipimia kwa fimbo ile.

Jumanne. London hadi Halifax

Treni ya moja kwa moja kutoka King's Cross huchukua karibu saa tatu. Yetu ilisimama kabla ya Doncaster zaidi ya saa nzima kwa hitilafu ya taa za ishara za reli. Kumbuka: ukichelewa kiasi hicho una haki ya kudai sehemu ya nauli. Tunza tiketi, jaza fomu siku hiyohiyo. Tiketi ikinunuliwa wiki kadhaa mapema bei hushuka sana, na ikinunuliwa dirishani siku ya safari huuma.

Halifax iko bondeni, na kutoka kituoni hadi Piece Hall ni mwendo wa dakika chache. Jengo hili lilifunguliwa tarehe 1 Januari 1779 kwa kazi moja tu, kuuza vitambaa vya sufu vilivyofumwa kwa mkono majumbani. Ni mraba wa mawe wenye uwanja mpana katikati na vyumba 315 vilivyozunguka pande nne. Kila mfanyabiashara alikuwa na chumba chake. Soko lilikuwa Jumamosi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita, na kengele ndiyo iliyolifungua na kulifunga. Kuingia leo ni bure.

Jina la jengo linatokana na kipande kizima cha kitambaa kama kilivyotoka kwenye kitanda cha mfumaji: yadi 30. Kwa lugha yetu ni jora, na jora la dukani kwetu nalo ni yadi 30. Hapa ndipo hesabu ya shubiri inapolipa. Jora ni shubiri 120. Gawanya kwa 5, unapata eli 24 za Kiingereza. Gawanya kwa 3, unapata eli 40 za Flanders. Kitambaa ni kilekile. Mfanyabiashara aliyenunua "eli 40" Bruges, mji wa Flanders, akadhani ni za Kiingereza, alitarajia yadi 50 na kupokea yadi 30. Ndiyo maana barua za biashara za zamani hazikuandika eli peke yake. Ziliandika eli ya wapi.

Mlinzi wa zamu aliona futikamba, akauliza tunatafuta nini, kisha akatuelekeza tutazame milima nje ya mji. Kwenye miteremko kama ile zilisimama safu za fremu za mbao za kuanikia. Sufu ikishafumwa ilipondwapondwa majini ili ishikane, na hapo husinyaa sana. Kisha ilitundikwa ikiwa mbichi kwenye fremu, kingo zikashikwa na misumari iliyopinda juu na chini, ikavutwa hadi upana unaotakiwa na kuachwa ikauke. Kuvuta kidogo ni kazi halali, kitambaa kinanyooka na kuwa na upana ulio sawa. Kuvuta sana ndiyo wizi. Kitambaa kinakauka kikiwa kirefu, kinapimwa, kinauzwa, halafu mvua ya kwanza inakirudisha kilipokuwa na koti la mteja linampanda kifuani.

Dhidi ya wizi huo kulikuwa na mkaguzi wa serikali, ambaye cheo chake kilitokana na neno lilelile la eli. Alipima urefu na upana, akakata ada, akabana muhuri wa risasi kwenye ukingo: vijiduara viwili vilivyounganishwa kwa kiungo chembamba, kimoja upande huu wa kitambaa na kingine upande ule, vikagongwa pamoja hadi vikashikana. Kitambaa kisicho na muhuri hakikuruhusiwa sokoni. Udhaifu wa mfumo ulikuwa mmoja: muhuri ulithibitisha kipimo cha siku ile, haukuthibitisha kwamba kitambaa hakijavutwa. Kazi hiyo ilifutwa 1699, kabla Piece Hall haijajengwa.

Kwa fundi anayesoma hapa: jaribio lao bado linafaa. Kata kipande cha shubiri moja kwa shubiri moja, pima, loweka maji ya uvuguvugu nusu saa, anika kivulini bila kukivuta, pima tena. Kikipungua nusu inchi kwa inchi 9, jora lako la yadi 30 litabaki yadi 28 na kidogo. Afadhali kulijua hilo kabla ya kukata sare za kwaya.

Chakula: Halifax ina jamii kubwa yenye asili ya Pakistan, kwa hiyo nyama halali inapatikana bila taabu, na bei ni nafuu kuliko London. Sahani ya karai ya kuku na mikate miwili ilitosha watu wawili.

Jumatano. Edinburgh

Siku ya treni: Halifax, Leeds, Edinburgh. Baada ya Newcastle kaa upande wa kulia uone bahari.

Edinburgh ndiyo iliyotunza eli ya Scotland. Miji minne iligawiwa vipimo vya kulinda: Edinburgh eli, Stirling painti, Lanark ratili, Linlithgow kipimo cha nafaka. Eli yao ni inchi 37, na sheria inayohusishwa na mfalme David I, aliyetawala 1124 hadi 1153, inaeleza namna ya kuzipata inchi hizo. Utachukua gumba la mtu mkubwa, la mtu wa kadiri na la mtu mdogo, ulipime kwenye mzizi wa ukucha, kisha utafute wastani. Ni sheria ya busara. Henry alitumia mkono wa mfalme. Huku walikubali kwamba sokoni wapo wakubwa na wadogo, na kipimo kikakaa katikati yao.

Inchi 37 hazigawanyiki kwa shubiri. Ni yadi na inchi moja, na inchi hiyo moja inajulikana hata upande wa Uingereza. Mpimaji alinyoosha kitambaa kwenye fimbo ya yadi, akaweka kidole gumba mwisho wa fimbo, kisha akaanza yadi ya pili upande wa pili wa gumba. Gumba ni zawadi kwa mnunuzi, kama muuza ndizi anavyoongeza moja juu ya mkungu uliokwisha kulipiwa. Wafanyabiashara wa London walitaka zaidi: yadi na upana wa kiganja, inchi 40. Sheria ya 1439 ilikataa kiganja na kuacha gumba. Ukilipiga hesabu, gumba moja katika kila yadi ni karibu asilimia 3. Kwenye jora ni inchi 30, kiasi cha mkono mzima wa shati na kola yake.

Mkataba wa Muungano wa 1707 ulitaka Scotland itumie vipimo vya Uingereza. Karatasini ilikubaliwa. Masokoni eli iliendelea, na sheria ya 1824, iliyoanza kazi 1826, ndiyo iliyokuja kuiondoa rasmi.

Alhamisi. Fettercairn

Hii ndiyo siku ngumu kwa usafiri na ndiyo tuliyoipenda kuliko zote. Treni za kwenda Aberdeen hupita Laurencekirk, kituo kidogo kilichofunguliwa tena 2009, lakini si zote zinazosimama. Mara nyingi utabadilisha Dundee au Montrose. Kutoka Laurencekirk hadi Fettercairn ni kama maili 5 kwa barabara ya B9120, katikati ya mashamba ya shayiri na viazi. Mabasi ni machache mno. Agiza teksi siku moja kabla, na mkubaliane saa ya kurudi, kwa sababu kijijini hakuna teksi inayosubiri.

Utaingia kwa kupita chini ya tao la mawe lililojengwa kukumbuka ziara ya Malkia Victoria na mumewe mwaka 1861. Mbele yake kuna uwanja mdogo, na katikati nguzo ya soko. Nguzo hii ya karne ya 17 haikuwa ya hapa. Ilitoka mji wa Kincardine, uliokuwa makao makuu ya wilaya na sasa haupo kabisa. Nguzo ilihamishwa, mji ukafa.

Eli imechongwa kwenye mwili wa nguzo kwa chale, moja juu na moja chini. Usiitafute kwa macho tu. Kwa jua la mchana linalopiga usoni, chale zinapotea kwenye rangi ya jiwe. Zunguka polepole, mulika tochi kutoka ubavuni, kisha pitisha ukucha kutoka juu kwenda chini. Ukucha utadaka kabla jicho halijaona. Bana futikamba kwenye chale ya juu na uiache ining'inie yenyewe. Ukiivuta itapinda kufuata jiwe na kukuongezea. Iwapo utapata robo inchi pungufu au zaidi, si kosa la mchongaji; midomo ya chale imelika kwa mvua na baridi, na kila mtu huanzia mahali tofauti kidogo.

Eli iliyochongwa kwenye jiwe ina faida ambayo fimbo haina: haiwezi kukatwa ncha usiku. Na imesimama wima uwanjani, mbele ya watu wote. Mnunuzi mwenye shaka alikuwa akichukua kitambaa chake hadi pale, akikibandika kwenye nguzo, na kesi inaisha bila hakimu.

Teksi ya kurudi haikuja. Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alituona tukitazama barabara, akauliza treni yetu ni saa ngapi, akaenda kuleta gari lake. Alikataa hela ya petroli. Njiani alitutajia msemo ambao bibi yake aliutumia kwa watoto wenye tamaa: mpe inchi, atachukua eli. Msemo huo ulishaandikwa Uingereza na mwandishi John Heywood mwaka 1546, na siku hizi wengi wamebadilisha eli wakaweka maili.

Chakula cha jioni Montrose: supu ya samaki aliyekaushwa kwa moshi, viazi na maziwa, inaitwa Cullen skink. Aliyezoea samaki wa kukausha wa ziwani ataipenda kijiko cha kwanza.

Ijumaa. Dunkeld

Kupitia Perth. Kituo kinaitwa Dunkeld & Birnam na kiko upande wa Birnam; tembea kama robo saa, uvuke mto Tay kwenye daraja la mawe la mhandisi Thomas Telford, la 1809. Uwanja wa soko unaitwa The Cross, na kwenye kona ya nyumba moja, iliyo chini ya National Trust for Scotland, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, imefungwa eli ya chuma ya karne ya 18.

Baada ya Fettercairn hii ni rahisi. Iko wima ukutani, kimo cha mtu, na unaweza kuishika. Inchi 37 za Scotland. Kwa inchi za Uingereza inazidi kidogo sana, 37.06, yaani sentimita 94.1. Chuma kimepakwa rangi mara nyingi, kwa hiyo pima ncha hadi ncha na usijali unene wa rangi. Tazama ilivyopigiliwa, imezama kwenye kona. Mtu hawezi kuibandua bila kubomoa jiwe. Katika picha zote za safari hii ndiyo inayoonyesha wazi kazi ya eli: soko hapa, kipimo pale, hatua kumi katikati.

Huku mkono wetu wa pwani ulikuwa na shida ileile. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo na Pangani ilihesabu merikani, kitambaa cha pamba, kwa mikono: shuka ni mikono 4, doti mikono 8. Na mkono wenyewe ulikuwa wa aina mbili, kamili hadi ncha ya kidole cha kati, au konde, hadi kwenye vifundo vya ngumi iliyofungwa. Tofauti yake ni inchi kadhaa. Kwenye doti moja ni zaidi ya yadi nusu. Aliyelipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa mikono konde na aliyedai mikono kamili hawakuwa wakizungumzia kitambaa kimoja. Chuma cha ukutani kilikuwa dawa ya ugomvi wa namna hiyo.

Uwanjani kuna mikahawa, chai na keki ya shayiri kwa pauni chache. Vyoo vya umma viko kwenye maegesho ya magari.

Jumamosi. Dornoch

Treni hadi Inverness, kisha basi la X99 linaloelekea kaskazini. Zaidi kidogo ya saa moja. Usipange safari hii Jumapili bila kuangalia ratiba, utakwama.

Kanisa kuu la Dornoch lilianzishwa na askofu Gilbert mwaka 1224. Soko la mji lilikuwa likifanyika kwenye eneo la makaburi yake, na ndiyo maana eli iko humo. Usitafute ukutani. Ni bamba la jiwe lililolala chini, na mgeni hulidhania kaburi. Kinacholitambulisha ni vyuma viwili vifupi vilivyojitokeza, kimoja kila upande. Hii ni eli ya kupimia vitambaa vizito vya sufu vya milimani, vile vya mirabaraba, na ni ndefu kidogo kuliko ile ya kawaida. Mfumaji alikilaza kitambaa juu ya jiwe, akakinyoosha kati ya vyuma, akakunja, akarudia. Kitambaa kizito kikining'inizwa wima hujivuta kwa uzito wake, kikilazwa hakivutiki. Eli ya kulala inafaa bidhaa yake.

Mama mmoja aliyekuwa akipalilia maua alileta kopo la maji, tukasafisha majani kwa brashi, akashika ncha moja ya futikamba tukapiga picha. Tafadhali usichokonoe kwa kisu; chuma kimeshika kutu na ukingo wake ndio kipimo. Soma uso wa ndani hadi uso wa ndani, kama Greenwich.

Akatuambia pia kwamba usiku wa baridi, anga likiwa safi, zile nyota tatu za mkanda wa Orioni Waskoti wa zamani waliziita fimbo ya eli ya mfalme.

Kwa atakayetaka kuendelea, na hasa walioko Ujerumani na Austria: Vienna, kwenye kanisa la Stephansdom, kushoto kwa mlango mkuu, kuna eli mbili za chuma ukutani. Fupi ni ya sufu, karibu sentimita 78; ndefu ni ya kitani, karibu sentimita 90. Braunschweig ina yake kwenye jumba la zamani la mji, karibu sentimita 57. Zote ziko nje, hazilipiwi, na asubuhi kabla ya saa tatu utazipima bila kusukumana na watalii.